KUJITHAMINI KWA ALIYEUMIA UTI WA MGONGO HUPIMWAJE?



Mwenzetu wa Magarama, iwe ya Gitega au ya Muyinga, akianguka kutoka juu ya lori na kuumia uti wa mgongo, daktari hupima ganzi inaanzia wapi na nguvu imebaki wapi. Je, kujithamini kwake hupimwaje?

Mwaka 1965 Morris Rosenberg wa Marekani alitoa kipimo cha sentensi 10: tano za kujithamini, tano za kujidharau. Kwa kila moja mtu husema anakubali sana, anakubali, anakataa au anakataa sana, na hupewa alama 0 hadi 3. Zile za kujidharau huhesabiwa kinyume. Jumla haizidi 30.

Kipimo hicho kilianzia kwa wanafunzi wa New York. Kwetu kifasiriwe vema kwa Kirundi au Kiswahili. Asiyejua kusoma asomewe faraghani, msimamizi asiwepo. Kirudiwe baada ya miezi, maana siku moja ya huzuni haitoshi kumhukumu mtu.

Alama ndogo si uvivu, wala isiwe sababu ya kumwachisha kazi. Ni ishara kwamba anahitaji wenzake, kazi ya kuketi anayoiweza, na njia ya kupitisha kiti chake cha magurudumu. Kupungukiwa nguvu za miguu si kupungukiwa utu.