Yowe la Nyololo Lilisikika Hadi Ng'ambo

Kijijini kwako mtu akivamiwa usiku hupiga yowe. Majirani huamka. Huyu anashika fimbo, yule anawasha taa, mwingine anajibu tu kwa sauti kutoka kwake: "Tumesikia!" Hata huyo wa mwisho anasaidia, kwa maana mvamizi anajua sasa kwamba watu wako macho.

Yako mayowe ya namna hiyo yanayovuka mipaka ya nchi. Hupigwa pale mwandishi wa habari anapouawa, anapofungwa kwa kazi yake au anapopotea. Watu wa nchi nyingine wanaandika barua, wanatoa tamko, wanauliza serikali maswali. Wengine wetu huona ni mambo ya wakubwa wa mijini. Lakini moja ya mayowe makubwa ya Tanzania lilianzia kijijini, hapa hapa kwetu Nyanda za Juu Kusini.

Nyololo, Septemba 2012

Ukitoka Mafinga kwenda Makambako kwa njia kuu ya Zambia, unapita Nyololo, wilaya ya Mufindi, mkoa wa Iringa. Tarehe 2 Septemba 2012 wafuasi wa chama cha CHADEMA walikuwa hapo kufungua tawi. Siku hizo kulikuwa na sensa ya watu, na polisi walikuwa wamekataza mikutano ya siasa mpaka sensa iishe. Polisi wakafika kuwatawanya watu.

Waandishi wa habari nao walikuwapo. Mmoja wao ni Daudi Mwangosi, mwandishi wa televisheni ya Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari wa Iringa. Mwangosi hakwenda kufungua tawi. Alikwenda kuona na kueleza, kama vile karani wa mkutano anavyokaa na daftari lake kuandika waliyosema wote, anaowapenda na asiowapenda.

Aliuawa hapo hapo. Bomu la machozi lilifyatuliwa karibu kabisa na mwili wake. Bomu la machozi ni silaha ya kutawanya watu kwa moshi unaowasha macho. Likifyatuliwa karibu na mwili linaua. Mwangosi alizikwa nyumbani kwao Rungwe, mkoa wa Mbeya. Kwa hiyo mikoa yetu miwili ilishiriki msiba ule: mmoja ulimpa kazi, mwingine ukampokea kaburini.

Siku za mwanzo maelezo yalipingana. Huyu anasema hivi, yule anasema vile. Lakini kulikuwa na kitu ambacho maneno hayakuweza kukifuta, nacho ni picha. Waandishi wenzake walikuwa na kamera. Picha walizopiga zilimwonyesha Mwangosi katikati ya askari, nazo zikachapwa magazetini. Mtu wa Tunduma aliziona, na mtu wa Marekani akaziona.

Walioitikia

Hapa nchini waandishi waliandamana. Baraza la Habari Tanzania na Jukwaa la Wahariri wakatuma watu wao kuchunguza, na serikali nayo ikaunda kamati yake. Huko ng'ambo kuna shirika la kuwalinda waandishi linaloitwa CPJ. Lilianzishwa mwaka 1981 na waandishi wa Marekani, na makao yake yako New York. Nalo lilitoa tamko. Lipo pia Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, yaani UNESCO. Waalimu wa elimu ya watu wazima tunalifahamu sana kwa kampeni za kufuta ujinga. Mkurugenzi Mkuu wake wa wakati ule, Mama Irina Bokova, alilaani mauaji yale.

Sasa mtu atauliza: kulaani kunasaidia nini? Marehemu hafufuki. Katika darasa letu la jioni mama mmoja aliuliza hivyo hivyo, tena kwa ukali, na wenzake wakacheka. Lakini swali lake ni zuri, na tulijibu hivi.

UNESCO hailaani ikanyamaza. Baada ya hapo inaiandikia serikali ya nchi husika: Je, kesi imefika wapi? Nani ameshitakiwa? Hukumu imetolewa? Majibu yanaandikwa katika taarifa inayotolewa kila miaka miwili. Nchi isiyojibu, nayo inaandikwa kwamba haikujibu. Ni kama daftari la michango ya shule pale ofisi ya kijiji. Hakuna anayekupiga kwa kutolipa, lakini jina lako likisomwa mkutanoni kila mara na mbele yake hakuna kitu, utaona haya.

Barua haimkamati mtu. Kukamata ni kazi ya polisi, kushitaki ni kazi ya serikali, kuhukumu ni kazi ya mahakama. Barua inazuia jambo lisisahauliwe mpaka hao watatu wafanye kazi yao.

Kwa Mwangosi kazi hiyo ilichukua karibu miaka minne. Askari mmoja alishitakiwa kwa mauaji. Mwezi Julai 2016 Mahakama Kuu mjini Iringa ilimwona na hatia ya kuua bila kukusudia, ikamfunga miaka 15. Wako waliosema adhabu ni ndogo. Wako waliouliza mbona ni askari mmoja tu, wakati picha zilionyesha wengi. Mimi naona maswali hayo ni halali. Hata hivyo kesi ilisikilizwa na hukumu ikasomwa. Duniani jambo hilo ni adimu: kwa hesabu za UNESCO, katika kila mauaji kumi ya waandishi, zaidi ya manane hayafiki hukumu. Muuaji anakwenda shambani kwake kama kawaida.

Kwa sababu hiyo Umoja wa Mataifa uliamua mwaka 2013 kwamba kila tarehe 2 Novemba iwe siku ya kupinga wanaowadhuru waandishi kuachwa bila adhabu. Tarehe hiyo ilichaguliwa kwa sababu waandishi wawili wa redio ya Ufaransa, Ghislaine Dupont na Claude Verlon, waliuawa nchini Mali siku hiyo mwaka 2013. Siku nyingine, ya 3 Mei, ni ya uhuru wa vyombo vya habari. Hiyo chanzo chake ni hapa Afrika: waandishi wa Afrika walikutana Windhoek, Namibia, mwaka 1991, wakatoa azimio lao.

"Wageni wasituingilie"

Maneno haya tunayasikia vijiweni. Nchi ni yetu, kwa nini watu wa mbali watuulize? Hoja hiyo ina uzito kwa watu waliowahi kutawaliwa, wala hatuidharau. Lakini tuangalie ni akina nani hasa wanaouliza.

Mwandishi Azory Gwanda aliandikia magazeti ya Mwananchi kutoka Kibiti, mkoa wa Pwani. Aliandika habari za mauaji yaliyokuwa yakitokea kule. Tarehe 21 Novemba 2017 alichukuliwa na watu kwa gari, na hakurudi. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 2018, wajumbe wawili wa CPJ walifika Dar es Salaam: Angela Quintal wa Afrika Kusini na Muthoki Mumo wa Kenya. Walizuiliwa na maofisa, wakanyang'anywa pasipoti, wakahojiwa, kisha wakaachiwa na kuondoka nchini. Mmoja ni jirani yetu wa mpaka mmoja, mwingine ni wa nchi ambayo wapigania uhuru wake tuliwapa hifadhi Mazimbu na Dakawa. Sisi nasi tulipigia yowe ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini miaka mingi, na serikali ya makaburu ilitujibu kwa maneno hayo hayo: msituingilie.

Tena si kila yowe linakwenda ng'ambo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina mahakama yake pale Arusha. Baraza la Habari Tanzania pamoja na mashirika ya haki za binadamu yalipeleka huko Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016. Tarehe 28 Machi 2019 mahakama hiyo ilisema vifungu vingi vya sheria hiyo vinavunja mkataba wa Jumuiya, mkataba ambao nchi yetu yenyewe iliusaini. Mwaka 2023 Bunge lilirekebisha baadhi ya vifungu.

Wewe na mimi

Ibara ya 18 ya Katiba yetu inasema kila mtu ana haki ya kutoa maoni yake, na ya kutafuta na kupata habari. Imesema kila mtu, si mwandishi peke yake. Bei ya mahindi, mbolea ya ruzuku iliyochelewa, fedha za zahanati zilizoishia njiani: mambo haya hutokea magazetini na redioni kwa sababu mtu alikubali kwenda kuuliza.

Basi ukiona mwandishi anapigwa au anachukuliwa, andika. Unajua kuandika. Weka tarehe, saa, mahali, namba ya gari, na ulichoona kwa macho yako, siyo ulichosimuliwa. Iringa kuna klabu ya waandishi, Mbeya pia ipo. Wapelekee. Kesi ya Nyololo ilisimama kwa sababu walikuwapo watu walioona na picha zilizobaki.

Kibiti hapakuwa na picha. Mwezi Julai 2019 Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati huo, Profesa Palamagamba Kabudi, alihojiwa na BBC akatamka maneno ambayo wengi waliyaelewa kuwa Azory amekufa. Kisha ikaelezwa kwamba hakuthibitisha hivyo. Familia haijakabidhiwa mwili, wala hakuna aliyefikishwa mahakamani. Kila Novemba barua zinaandikwa tena, na swali ni lile lile: Azory yuko wapi?