Sura ya 7: Zege Nalo Husikia Baridi

Asubuhi ya Aprili 27, 1978, huko Willow Island, jimbo la West Virginia nchini Marekani, mafundi walipanda kuendelea na mnara wa kupozea maji wa kituo cha umeme. Jukwaa lao halikuegemea ardhini. Lilifungwa kwa boliti kwenye ukuta wa mnara, likipanda kadiri ukuta ulivyopanda. Zege jipya lilipokuwa likivutwa juu, sehemu ya ukuta iliyomwagwa siku iliyotangulia ikabomoka, na jukwaa likaporomoka karibu mita 50. Watu 51 walikufa. Wachunguzi wa serikali walihitimisha kwamba zege lile lilibebeshwa mzigo kabla halijapata nguvu ya kutosha. Lilikuwa na umri wa siku moja, tena siku ya ubaridi.

Wengi husema zege "limekauka". Zege haliwi gumu kwa kukauka kama udongo wa ukutani. Saruji na maji huungana kikemia, na muungano huo unahitaji joto. Joto likishuka kwa nyuzi 10 za Selsiasi, kasi ya muungano hupungua kwa takriban nusu. Kwa hiyo kuhesabu siku peke yake hakutoshi: siku tatu za joto la Tanga si siku tatu za baridi ya Makete mwezi wa Julai.

Barafu ina madhara zaidi. Maji yakiganda hupanuka kwa takriban asilimia 9, na zege changa hupasuka kwa ndani. Linaweza kupoteza hadi nusu ya nguvu iliyotarajiwa, na kulipasha moto baadaye hakurudishi kilichopotea. Ndiyo maana wahandisi hulilinda lisigande mpaka lifikie angalau megapaskali 3.5.

Kinga huanza kabla ya kumwaga. Theluji na barafu huondolewa kwenye nondo na ndani ya mbao za kuumbia zege, na zege halimwagwi juu ya ardhi iliyoganda. Maji ya kuchanganyia hupashwa moto kwanza, kwa sababu hubeba joto jingi kuliko kokoto na mchanga wa uzito uleule. Baada ya kumwaga, zege hufunikwa kwa mablanketi maalumu; pembe na kingo huongezewa, maana ndizo hupoa upesi.

Penye baridi kali eneo zima huzungushiwa turubai na kuwekwa hita. Hapo uhai wa watu unaingia hatarini. Hita isiyo na bomba la kutolea moshi, au jiko la mkaa, hujaza humo kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua mtu akidhani ana usingizi tu. Kabonidioksidi inayotoka pamoja nayo hulainisha uso wa sakafu mpya, ukabaki kutoa vumbi miaka nenda rudi. Moshi utolewe nje, hewa safi iingie, na kipima gesi kiwepo.

Kabla ya kuvua mbao au kupandisha mzigo, vunja sampuli za zege lilelile, zilizolala palepale na kupigwa na baridi ileile. Sampuli iliyotunzwa kwenye joto la ofisi haijui kilichoupata ukuta usiku. Zikionyesha nguvu haijatosha, kazi isubiri, hata kama mkandarasi ana haraka. Juu ya zege lile kuna watu watakaosimama.