Mkopo wa Karo: Tuhesabu Mshahara Kabla ya Kutia Sahihi



Miezi michache iliyopita tulikaa na kikundi kimoja cha akina mama chini ya mwembe wao. Ajenda ilikuwa moja tu. Mwanachama aliomba mkopo wa Sh 120,000 amsomeshe binti yake kozi ya mwaka mmoja ya kumsaidia daktari wa meno. Alikuja na karatasi ya chuo yenye picha ya msichana aliyevaa koti jeupe, na maneno kwamba kazi ziko tele. Mweka hazina alikuwa tayari kuandika hundi. Sisi tukaomba kalamu kwanza.

Tulimwuliza, "Mama, akimaliza atalipwa ngapi?"

"Chuo kinasema watu wanalipwa vizuri."

Hapo ndipo vikundi vingi huteleza. Chuo kinauza masomo, lakini mshahara hulipwa na mwenye kliniki. Basi swali la mshahara lipelekwe kliniki. Nendeni tatu au nne katika mji ulio karibu, mseme wazi: mtu mwenye cheti hiki mnamwajiri? Mnamwanzishia ngapi? Mengine huwafundisha wasaidizi palepale kazini, kupanga vyombo, kuvichemsha, kushika mpira wa kufyonza mate, kuandika kadi za wagonjwa. Kama kliniki za kwenu zinafanya hivyo, cheti cha Sh 120,000 kinaongeza nini?

Sasa tuhesabu. Tuchukue mfano tu, kwamba binti ameajiriwa kwa Sh 20,000 kwa mwezi. Kodi ya mapato hatakatwa, kwa kuwa mshahara usiozidi Sh 24,000 haukatwi. Lakini NSSF ni 6 kwa mia, yaani 1,200. Bima ya afya ya SHA, iliyoanza kukatwa Oktoba 2024, ni 2.75 kwa mia, yaani 550. Ada ya nyumba ni 1.5 kwa mia, yaani 300. Mkononi zinabaki 17,950. Toa kodi ya chumba 4,500, nauli 2,000, chakula, sabuni na mafuta ya taa 6,500. Zimebaki 4,950, na hapo hajatuma hata shilingi nyumbani wala hajaugua.

Upande wa deni, kikundi kile hukopesha kwa riba ya 2 kwa mia kila mwezi, kulipwa kwa miezi 24. Riba hiyo ina njia mbili za kuhesabiwa, na wengi hatuzitofautishi. Ikihesabiwa kwa deni la mwanzo mpaka mwisho, ni 2,400 kila mwezi, jumla 57,600. Pamoja na deni lenyewe analipa 177,600, yaani 7,400 kwa mwezi. Ikihesabiwa kwa deni linalobaki, huku akirudisha 5,000 kila mwezi, riba yote inakuwa 30,000. Mkopo ni uleule, lakini tofauti ni Sh 27,600! Mwulizeni mweka hazina wenu leo anatumia njia gani. Akisita, fungueni kitabu pamoja.

Hata kwa njia ile nafuu, mwezi wa kwanza ni 7,400, na binti ana 4,950. Nani atajaza? Mama yake, kwa maziwa na mayai. Tena riba ikianza kuhesabiwa siku ya kuchukua pesa, mwaka mzima wa masomo unakula 28,800 kabla hajapata mshahara wowote. Akikaa miezi sita bila kazi, 14,400 nyingine. Kwa hiyo sisi hatukubaliani kabisa na mtu kuweka hati ya shamba rehani kwa kozi fupi ya namna hii. Shamba lilisha watoto wote, lisiuzwe kwa ajili ya karatasi ya mmoja.

Mama mmoja aliuliza kama ni heri basi binti akae nyumbani. La, hatukusema hivyo. Kuna njia ndefu zaidi ambayo mara nyingi hulipa. Chuo cha serikali cha mafunzo ya utabibu, KMTC, kina diploma ya afya ya kinywa kwa jamii, miaka mitatu. Aliyehitimu hasimami tu kando ya daktari. Amefunzwa kusafisha meno, kuziba matundu madogo, kung'oa meno yasiyo na shida, na kufundisha shuleni. Msaidizi haruhusiwi kung'oa hata jino moja peke yake. Karo ya miaka mitatu ni kubwa zaidi, ni kweli, lakini mwanafunzi wa huko anaweza kuomba mkopo wa HELB, shirika lililoundwa kwa sheria mwaka 1995. Riba yake ni 4 kwa mia kwa mwaka. Linganisheni na 2 kwa mia kwa mwezi ya kikundi, ambayo ni 24 kwa mwaka. Shida ni alama za mtihani wa kidato cha nne, kwa sababu si kila mtoto anaingia.

Kabla ya kulipa chuo chochote, ombeni karo yote iliyoandikwa: mitihani, sare, vifaa, nauli ya mazoezi kazini. Ulizeni kama cheti kinatambuliwa na baraza la madaktari na madaktari wa meno, na muulize baraza lenyewe, si karani wa chuo. Ombeni pia simu za watu watatu waliomaliza mwaka juzi. Chuo kikikataa, mmeshajibiwa.

Wale akina mama hawakuandika hundi siku ile. Walimpa mwenzao Sh 3,000 za nauli azunguke kliniki na binti yake. Katika kliniki ya tatu daktari alimkubali binti aje siku tatu kwa wiki kuosha na kuchemsha vyombo, kwa malipo kidogo, aone kama kazi anaipenda. Ombi la mkopo bado limo kwenye faili, na litasomwa tena mkutano wa Januari.