Sefu la bastola lisiwe sefu la fedha

Kila mwaka msimu wa korosho unapoanza, kuanzia mwezi Oktoba, mji wetu wa Masasi hubadilika sura. Wageni hujaa katika nyumba za kulala, maduka hufungwa usiku sana, na mafundi wa kuchomelea vyuma hupata kazi nyingi za milango, nondo za madirisha na masanduku ya kuwekea fedha.

Ni katika siku kama hizo mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini, mwenye leseni halali ya bastola, aliponiuliza anunue sefu la namna gani. Kabla ya kumjibu nilimuuliza bastola yenyewe inalala wapi kwa sasa. Akasema inalala chini ya godoro, upande wa ukutani. Nikamuuliza ana watoto wangapi nyumbani. Akanyamaza kidogo, kisha akasema wanne.

Nimeona swali lake lifae kwa mazungumzo ya leo, kwa sababu wengi wanaonunua sefu humfikiria mtu mmoja tu, yaani mwizi. Kumbe sefu la bastola lina kazi mbili. Linamzuia mwizi anayekuja usiku mmoja katika mwaka, na linamzuia mtoto ambaye yumo ndani ya nyumba siku zote 365. Mwizi hajui godoro lipi lina kitu. Mtoto anajua. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe, lakini wembe humkata kidole akajifunza. Bastola haimpi mtu nafasi ya kujifunza.

Tukumbuke pia kwamba leseni ya silaha ni ya mtu mmoja. Si ya mke wake, si ya mtoto wake mkubwa, wala si ya mlinzi wa duka. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Aidha, nchi yetu ilitia saini Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo inazitaka nchi wanachama kusimamia uhifadhi salama wa silaha zilizo mikononi mwa raia. Kwa hiyo anayeweza kufungua mahali bastola ilipo awe ni yule tu ambaye jina lake limo katika leseni.

Hapo ndipo linapokuja kosa kubwa. Mtu hununua sefu moja zuri, akaweka humo mauzo ya siku, hati ya nyumba, dhahabu za mkewe na bastola. Sefu la fedha hufunguliwa mara kwa mara. Leo mama anatumwa atoe chenji, kesho kijana wa dukani anatumwa aweke mauzo, keshokutwa binti anatafuta cheti chake cha kuzaliwa. Baada ya mwezi mmoja nyumba nzima inaijua namba ya siri. Bastola hapo imefungiwa mbele ya macho ya watu, lakini haijafichwa kwa mtu yeyote. Isitoshe, mwizi akija kutafuta fedha huipata na silaha, akaondoka na vyote viwili. Kwetu huku, safari si ndefu kutoka mjini mpaka Mto Ruvuma, na silaha iliyoibwa haiulizi njia. Mwenyewe atabaki akijieleza polisi.

Basi ushauri wangu wa kwanza ni huu: bastola iwe na sanduku lake peke yake. Kama uwezo ni wa sefu moja tu, liwe na chumba cha ndani chenye mlango na ufunguo wake mbali.

Sasa tuangalie chuma chenyewe. Sanduku la urefu wa sentimita 40, upana na kimo cha sentimita 30, likitengenezwa kwa bamba la milimita 4, litakuwa na uzito wa kilo 20 hivi. Kijana anayebeba gunia la korosho la kilo 80 ghalani atashindwaje na kilo 20? Ataliweka begani na kwenda kulivunja porini kwa nafasi yake. Kwa hiyo usinunue sefu lisilo na matundu ya kulifunga kwa boliti sakafuni au ukutani.

Lakini nyumba zetu nyingi, hapa Masasi na kule Newala, zina kuta za matofali ya udongo. Boliti ndani ya tofali la udongo hung'oka kwa mtarimbo mmoja. Afadhali uchimbe sakafu kwenye kona ya chumba, umwage zege, na boliti zizame humo. Kama sanduku unachongewa na fundi wa mtaani, mwambie bawaba zikae ndani, na mlango uingie ndani ya fremu ili mtarimbo usipate pa kushika.

Kuhusu kufuli, yapo masefu ya ufunguo na yapo ya kubonyeza namba. Haya ya namba hutumia betri, hivyo umeme ukikatika hayadhuriki, ila betri ibadilishwe kabla haijafa. Huja na namba ya kiwandani ambayo kila muuzaji anaijua. Ibadilishe siku hiyo hiyo, na usiweke mwaka wako wa kuzaliwa. Huja pia na ufunguo wa dharura, ambao wengi huuweka juu ya kabati. Ufunguo ukiwa juu ya kabati, umewafungulia watoto wote wanaoweza kupanda kiti.

Wala usidanganywe na rangi inayong'aa. Mwaka 2012 huko Marekani, mtaalamu wa kufuli Marc Weber Tobias alionyesha hadharani kwamba baadhi ya visefu vidogo vya bastola vilivyokuwa vikiuzwa madukani vingeweza kufunguliwa na mtoto wa miaka mitatu. Vingine vilifunguka kwa kuinuliwa kidogo na kudondoshwa. Kwa hiyo dukani, lifunge sefu likiwa tupu, ulitikise na kuligonga mbele ya muuzaji. Likifunguka, mrudishie.

Jambo la mwisho ni risasi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 uliangalia nyumba zenye silaha ambamo watoto na vijana walijiua au kuumia kwa ajali. Ulionyesha kuwa mambo manne, kila moja kwa nafasi yake, yaliambatana na kupungua kwa hatari hiyo: kuifungia silaha, kuiweka bila risasi, kuzifungia risasi, na kuziweka mahali tofauti na silaha. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji fedha nyingi.

Wenzetu wa Newala, ambako ukungu wa asubuhi ni jambo la kawaida, wasiiache bastola ndani ya ala ya ngozi, maana ngozi hushika unyevu na kuleta kutu. Ifutwe kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Tena familia ijue kuwa mwenye leseni akifariki, bastola si mali ya kugawana matangani. Inapelekwa polisi.

Yule mfanyabiashara aliniuliza mwishowe: je, mwizi akija usiku, nitaifikiaje haraka? Nikamwambia kuwa sefu lililo karibu na kitanda, ambalo namba yake anaijua yeye peke yake, hufunguliwa kwa sekunde chache. Na hizo sekunde chache ndizo anazowalipia wale watoto wanne.