Kishindo Ni Hasara: Jinsi Mwamba Unavyopasuliwa kwa Vipimo na Muda

Ukitoka Chalinze kuelekea Msata, maeneo ya Lugoba, utapishana na malori ya kokoto yakiwahi Dar es Salaam. Zege la maghorofa na madaraja ya jiji linaanzia huko, kwenye mwamba ambao juzi tu ulikuwa mlima. Jiwe la aina hiyo haling'oki kwa sululu. Linatolewa kwa baruti.

Anayeishi jirani na machimbo, awe Pwani, Geita au Machakos, anaijua baruti kwa kishindo. Bati hulia, kuku hutawanyika, na jioni mtu humwita mwenzake aje aone ufa ukutani. Kwa miaka mingi watu wameamini kuwa kishindo kikubwa ni dalili ya kazi kubwa. Wahandisi wa uchorongaji na ulipuaji wanajua kinyume chake. Sauti inayosikika kijijini na mtetemo unaofika chini ya nyumba ni nguvu iliyonunuliwa kwa fedha, ikashindwa kufanya kazi iliyonunuliwa. Debe tupu haliachi kuvuma, na mlipuko uliopangwa vibaya nao ni hivyo hivyo.

Udhaifu wa jiwe

Matale, lile jiwe gumu la milima mingi ya kwetu, ukilibana huhimili mgandamizo mkubwa sana. Ukilivuta, hupasuka kwa nguvu ndogo, kwa kawaida karibu sehemu moja ya kumi ya ile ya kuliponda. Kazi yote ya ulipuaji imesimama juu ya tofauti hiyo.

Baruti ikilipuka ndani ya tundu, wimbi la mgandamizo hukimbia ndani ya mwamba kwa mwendo wa kilomita kadhaa kwa sekunde. Karibu kabisa na tundu, jiwe husagika kuwa unga. Mbele kidogo hubaki nyufa. Wimbi likifika kwenye uso wa mwamba uliokutana na hewa, halina tena jiwe la kulipokea, hivyo hugeuka na kurudi, na safari hii linavuta badala ya kubana. Hapo jiwe huachia. Nyuma yake inakuja gesi ya moto, inapenya kwenye nyufa na kuzitanua kama kabari.

Mpasua kuni anaielewa kanuni hii bila kwenda chuo. Gogo nene haanzi kulipasua katikati, bali hupiga kabari karibu na ukingo, mahali ambapo kipande kina pa kwenda. Mwamba nao unataka pa kwenda. Ukiunyima nafasi, gesi itatafuta njia nyingine: juu kupitia mdomo wa tundu, au nyuma kuelekea kwenye mwamba ambao hukukusudia kuugusa.

Hesabu ya tundu moja

Tuchukue machimbo ya kokoto ya kawaida, ambako mwamba umekatwa kwa ngazi yenye kimo cha mita 10. Mchorongaji anatoboa tundu la kipenyo cha milimita 89. Kati ya tundu na uso wa mwamba anaacha mita 2.5, na kati ya tundu na jirani yake mita 3. Anashuka mita 10.8, yaani sentimita 80 chini ya sakafu ya ngazi, ili mguu wa mwamba ukatike na usibaki kama kisiki.

Baruti inayotumika sana ni mchanganyiko wa amonia naitreti, punje nyeupe zinazofanana na mbolea, na dizeli. Uwiano wake ni asilimia 94 kwa 6. Dizeli ikizidi, mlipuko hutoa hewa ya kaboni monoksaidi kwa wingi. Ikipungua, utaona moshi wa rangi ya chungwa, nao ni sumu kwa mapafu. Mchanganyiko huo hauvumilii maji. Ndiyo maana masika, au popote tundu linapojaa maji, huhitajika baruti ya ute mzito, ambayo husukumwa kwa pampu hadi chini.

Mita 8.3 za chini za tundu letu zinajazwa baruti, na mita 2.5 za juu zinazibwa. Jumla ni takriban kilo 41. Mwamba unaobebwa na tundu hilo ni mita za ujazo 75, yaani kiasi cha tani 200. Kilo 41 kwa tani 200: hapo ndipo unaona kwamba kinachofanya kazi hasa ni vipimo. Sogeza tundu nusu mita mbele, baruti ile ile itarusha mawe hewani. Lisogeze nusu mita nyuma, itashindwa kuutoa mwamba na kuutikisa tu.

Hata kizibo kina elimu yake. Kwa haraka ya kazi, wengi huziba kwa vumbi lililotoka kwenye uchorongaji, kwa kuwa liko pale pale. Vumbi hutolewa na gesi kama risasi. Kokoto kali za milimita 8 hadi 10 hung'ang'aniana kwenye kuta za tundu na kuishika gesi kwa muda mfupi unaohitajika. Kokoto hizo chache kwa kila tundu zinaweza kuamua kama jiwe litaruka hadi kwenye shamba la mtu.

Kutoka nguvu hadi muda

Historia ya kazi hii ina nusu mbili. Nusu ya kwanza ilikuwa kutafuta nguvu: baruti nyeusi iliingia mgodini Schemnitz, katika Slovakia ya leo, mwaka 1627, na Alfred Nobel akasajili baruti kali ya dainamaiti mwaka 1867. Nusu ya pili imekuwa kutafuta muda. Mwaka 1831 William Bickford wa Cornwall, Uingereza, alitengeneza utambi wa usalama unaoungua polepole kwa mwendo unaojulikana, na wachimbaji wakapata nafasi ya kuondoka. Utambi huo, hata hivyo, unahesabu kwa sekunde na dakika. Mwamba unahesabu kwa milisekunde. Zilikuja fataki, yaani viwashio vya baruti, za umeme zinazochelewesha mlipuko, kisha katika miaka ya 1970 bomba jembamba la plastiki la kuwashia kutoka Sweden, na sasa fataki za kielektroniki ambazo kila moja hupangiwa muda wake kwa usahihi wa milisekunde.

Faida yake inahesabika. Tuseme matundu yetu yako 40, kila moja na kilo zake 41, jumla zaidi ya kilo 1,600. Yakipishana kwa milisekunde 20, yote huisha kabla ya sekunde moja kutimia. Mtu wa kijijini anasikia mngurumo mmoja, lakini ardhi inapokea kilo 41, kisha 41, kisha 41. Na kila tundu likilipuka, linalifungulia la nyuma yake uso mpya, pa kwenda.

Kwa kanuni inayotumika sana kukadiria mtetemo, matundu yakipishana hivyo, nyumba iliyo mita 300 kutoka machimbo ingetikisika kwa kasi ya karibu milimita 2.4 kwa sekunde. Matundu yote yakilipuliwa kwa pamoja, makadirio yanapanda hadi milimita 46 kwa sekunde, karibu mara 20. Baruti ni ile ile na kokoto ni zile zile. Kilichobadilika ni muda.

Mwaka 1980 Ofisi ya Migodi ya Marekani ilitoa utafiti uliopendekeza kikomo cha karibu milimita 13 kwa sekunde kwa nyumba za zamani zenye plasta, pale mtetemo unapokuwa wa mawimbi ya polepole. Namba hiyo inanukuliwa duniani kote. Ila nyumba zilizopimwa zilikuwa za Kimarekani. Nyumba ya tofali za kuchoma zilizoshikwa kwa udongo, isiyo na linta, haikuwamo. Anayeleta namba hiyo kijijini kwetu kama neno la mwisho anapima kwa kipimo cha nyumba nyingine.

Kosa huanzia kwenye tundu

Kompyuta inaweza kupanga muda vizuri, lakini haiwezi kunyoosha tundu lililokwenda mshazari. Tundu la mita 10.8 likipinda kwa asilimia 5, chini kabisa litakuwa limekosea nusu mita. Kumbuka mita zetu 2.5: sasa ni 2 au 3, na hakuna anayeona, kwa sababu juu mdomo wa tundu uko mahali pake. Ndiyo maana namheshimu mchorongaji anayesafisha eneo lake kwanza, anayesawazisha mashine, na anayeandika kwamba kwenye mita ya sita alikuta ufa au udongo laini. Baruti ikimiminwa bila habari hiyo itajaa kwenye ufa, na kilo 41 zinaweza kuwa 80 bila mtu kujua.

Kwa mchimbaji mdogo kwenye duara lake, yaani shimo lake la kuchimbia, hali ni ngumu zaidi. Anafuata mbale, jiwe lenye madini, kwa utambi na fataki chache, gizani, na uso wa mwamba ulio huru mara nyingi ni mmoja tu. Hatari yake kubwa mara nyingi huja baada ya kishindo. Kaboni monoksaidi haina harufu. Anayeshuka mapema kwa pupa ya kuona mbale huishiwa nguvu kabla hajajua kilichompata, na wa pili anayeshuka kumwokoa humfuata. Tundu lisilolipuka nalo hubaki linangoja chuma cha mchimbaji. Kungoja, kupitisha hewa, na kuhesabu kama milio imetimia ni sehemu ya uhandisi sawa na fataki za kielektroniki.

Kwa hiyo wanakijiji wakiitwa kwenye mkutano kuhusu nyufa, wasiishie kuuliza kwa nini jana palikuwa na kelele. Waombe daftari la mlipuko. Waulize kila tundu lilikuwa na kilo ngapi, limezibwa kwa nini na kwa urefu gani, matundu mangapi yalilipuka ndani ya milisekunde zile zile, na mtetemo ulipimwa kwenye nyumba ya nani. Meneja anayefanya kazi yake vizuri atakuwa na majibu, kwa sababu namba hizo hizo ndizo zinazomwambia amepata kokoto ngapi kwa baruti aliyoinunua. Hapo mwenye machimbo na mwenye nyumba wana haja moja: kilo 41 ziishie kwenye jiwe.