Uendapo kambini, chagua jiko la gesi kwa makini

Ikiwa wewe hupiga kambi mara moja au mbili tu kwa mwaka, huenda umewahi kusimama dukani mjini Machakos ukajiuliza: je, ununue lile jiko bapa linalotumia kopo la gesi, au uutie garini ule mtungi wa kilo sita ulio jikoni kwako? Muuzaji atakujibu kwa bei. Kuna mambo mawili ya afya ambayo bei haikuambii: kilichomo ndani ya chombo hicho, na mahali utakapokiwashia.

Kwanza tuondoe utata wa majina. Watu husema "butani" na "LPG" kana kwamba ni vitu viwili tofauti kabisa. LPG ni gesi ya petroli iliyoshindiliwa hadi ikawa kioevu. Butani ni mojawapo ya gesi hizo, na mwenzake ni propani. Kopo la gramu 220 hivi aghalabu huwa na butani, wakati mwingine ikiongezwa propani kidogo. Mtungi wa nyumbani hapa Kenya hujazwa mchanganyiko wa zote mbili.

Tofauti yao kubwa ni shinikizo. Siku yenye joto la nyuzi 30, propani husukuma kuta za chombo kwa nguvu inayozidi ile ya butani zaidi ya mara tatu. Ndiyo sababu mtungi ni wa chuma kizito na una vali imara, ilhali kopo ni bati jembamba la kutumika mara moja na kutupwa.

Utasikia watu wakidai kwamba butani haiwaki penye baridi. Ni kweli, lakini si Machakos. Butani hukataa kugeuka mvuke joto linapokaribia nyuzi sifuri, na hata mwezi wa Julai, ukungu unapofunika vilima vya Iveti na Mua, hatufiki huko. Alfajiri moto utapungua kidogo kwa sababu kopo hujipoza lenyewe linapotumika, basi. Mwenye kupanda Mlima Kenya, ambako maji huganda usiku, ndiye anayepaswa kutafuta kopo lenye mchanganyiko wa propani.

Jambo la kuhesabu zaidi ni muda wa kupika. Jiko la kopo likiwashwa moto mkubwa humaliza gramu 150 hivi kwa saa moja. Kopo lako basi litadumu saa moja na nusu. Kwa moto huohuo, mtungi wa kilo sita ungewaka karibu saa 40. Tena kadiri unavyopanda mlima ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo. Kwenye kilele cha Ol Donyo Sabuk, mita 2,145 juu ya usawa wa bahari, huchemka yakiwa na nyuzi 93 hivi, na chakula kigumu hukawia kuiva. Ukipania kupika muthokoi kuanzia mwanzo kwa kopo moja, utalala njaa. Uchemshe nyumbani uive kabisa, huko uukaange tu.

Kwa hiyo, kwa watu wawili au watatu watakaolala usiku mmoja au miwili karibu na Fourteen Falls au chini ya mlima, mimi ningechagua jiko la kopo na makopo mawili ya ziada. Ni jepesi, na hukaa chini bila kuyumba. Familia ya watu sita yenye gari haina haja ya kununua chochote kipya. Mtungi wa nyumbani unatosha, ila usiupikie ukiwa na kichwa cha jiko juu yake. Meko hiyo ni ndefu, na juu yake ukiweka sufuria ya ugali uanze kusonga huku mtungi umesimama juu ya majani na mawe, maji ya moto yatamwagikia mtoto aliye karibu. Tumia jiko fupi lenye mpira, uweke mtungi kando, wima daima. Ukilazwa, gesi itatoka ikiwa kioevu na moto utaruka juu. Garini pia usimame wima, umefungwa barabara, na madirisha yawe wazi, kwani gesi hii ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama chini.

Wenye jiko la kopo nao wana kosa lao: sufuria pana mno. Sufuria au bati la kuchomea nyama likifunika upande ambamo kopo limelala, joto hurudi kwenye kopo na kulipasua. Vivyo hivyo usizungushie jiko mawe au mabati kukinga upepo hadi kopo likaungua, wala usiache makopo ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Isitoshe, usikubali mtu yeyote akujazie kopo upya kutoka kwenye mtungi, hata kwa bei ya chai. Bati lililotengenezewa butani halikuundwa kustahimili propani. Hata mtungi wenyewe, ubadilishe kwa muuzaji aliyeidhinishwa, uangalie kifuniko cha plastiki kama hakijaguswa, na umwombe aupime kwenye mizani. Uzito wa mtungi mtupu huwa umeandikwa juu yake. Usiku wa Februari 1, 2024, gesi ililipuka mtaani Mradi, Embakasi, jijini Nairobi, ikaua watu na kujeruhi wengine wengi. Mamlaka ya EPRA ilieleza kwamba ilikuwa imekataa maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali hapo.

Sasa tuje kwenye hema, maana hapo ndipo uchaguzi wa jiko hauna maana tena. Mvua ikianza, au ukisikia kishindo gizani na kukumbuka kwamba Ol Donyo Sabuk kuna nyati, utatamani kuingiza jiko ndani. Usithubutu. Gesi ya kopo na ya mtungi zote zikiwaka pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Ile harufu kali unayoijua hutiwa makusudi kwenye gesi ambayo haijawaka, haikuonyi lolote kuhusu hii. Jiko la makaa ni baya zaidi, hata makaa yakiwa yamefifia na kuonekana kama majivu tu. Anayeliingiza hemani ili watoto wapate joto anawawekea sumu karibu na vichwa vyao.

Kaboni monoksidi hushikamana na damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili hukosa hewa ingawa unapumua. Dalili huanza kwa kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Wengi hudhani ni malaria au pombe ya jana. Jiulize: je, hakuna homa? Je, mmeanza kuumwa watu wawili au watatu kwa pamoja? Je, unapata nafuu ukitoka nje? Mama mjamzito na watoto wadogo huathirika upesi, na aliyelala huenda asiamke kabisa.

Ukimkuta mwenzako amezimia, fungua hema pande zote, mvute nje haraka, kisha uzime jiko. Kama anapumua, mlaze kwa ubavu. Kama hapumui, anza kumpa huduma ya kwanza huku mwingine akitafuta gari. Usimnyweshe maziwa, wengi hudhani huondoa kila sumu. Sumu hii imo ndani ya damu, si tumboni, na dawa yake ni oksijeni. Mfikishe hospitali yenye oksijeni, kama vile ile ya Machakos Level 5, na umweleze daktari wazi kwamba jiko lilikuwa likiwaka ndani ya hema. Hata aliyeamka na kusema amepona apelekwe, pamoja na wote waliolala humo.