Kabla ya Kulijaza Tangi Tupu

Tangi la kioo likibaki tupu nyumbani, watoto hudai kobe. Lakini kobe wa nchi kavu huweza kuishi zaidi ya miaka 50, na tangi humwia dogo upesi. Afaaye zaidi ni chura wa kusini mwa Afrika mwenye makucha miguuni: huishi majini daima, hula minyoo, wala hahitaji taa ya joto. Maji ya bomba yaachwe wazi siku nzima ili klorini ipungue, na kifuniko kikazwe. Walakini, naye hufikisha miaka 15. Akichosha asitupwe mtoni. Marekani na Chile, vyura hao walioachiliwa wamezagaa mabwawani. Asiyeweza ulezi wa miaka yote hiyo, heri tangi libaki tupu.